Leopoldine Kratschmer na Bilauri ya Meza ya Dirishani

Leopoldine Kratschmer, ambaye Vienna nzima ilimwita Poldi, alizaliwa tarehe 3 Februari 1907 huko Ottakring, mtoto wa pili wa Alois Kratschmer, seremala wa kiwanda cha piano, na mkewe Josefa. Baba yake alileta nyumbani piano iliyokataliwa kiwandani kwa sababu ubavu wake ulipasuka. Ilikaa jikoni, na unga wa maandazi uliwekwa juu yake uumuke.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, na mwaka 1923 alipokelewa katika chuo cha muziki. Alidumu miaka miwili. Inasimuliwa kwamba siku moja mwalimu alimkatiza katikati ya sonata.

“Binti Kratschmer, mkono wako wa kushoto umelewa?”

“Hapana, Profesa. Ndiyo kwanza umeamka.”

Hakurudi tena darasani. Tangu 1927 alipiga piano na kuimba jazi katika Mkahawa wa Zirngast, Leopoldstadt, kwenye dansi ya chai ya saa kumi na moja jioni. Aliimba kwa Kiingereza alichokariri bila kukielewa, kwa sauti nzito iliyowafanya wanaume waache magazeti yao. Alikwenda Budapest na Berlin, na mwaka 1931 akatoa santuri mbili. Ngoma zilipigwa na mchumba wake, Egon Adler. Poldi hakupiga walzi, ule muziki wa dansi wa kizamani wa Vienna. Wazee walinung'unika, naye akawajibu, “Wazee, walzi mtaipata mlango wa pili, na wa tatu, na wa nne. Hapa niachieni mimi.”

Wanazi walipoingia Machi 1938, Egon, aliyekuwa Myahudi, alikatazwa jukwaa. Mwenye mkahawa alimficha jikoni, awe anaosha bilauri. Poldi na Egon wakapatana: jazi ikisikika, kuko salama, wakaguzi wakiingia, Poldi atapiga walzi, na Egon atatoka kwa mlango wa uani.

Jioni ya tarehe 22 Septemba mwaka huo, mhudumu mgeni, Ferdinand Hölzl, aliyeanza kazi mwezi Agosti, alimletea Poldi bilauri ya mvinyo mweupe. “Ya meza ya dirishani,” alisema. “Wanaomba walzi.” Bilauri ikishawekwa juu ya piano, ombi lake halikataliwi, ndivyo ilivyokuwa mikahawani kwetu, na mwaka ule kumkatalia mteja usiyemjua kulikuwa hatari. Poldi alifikiri Egon atapigwa na baridi kidogo, kisha atarudi. Akapiga. Egon alitoka uani, na uani walikuwepo watu wawili wakimngoja. Alipelekwa kambi ya mateso ya Dachau. Kadi moja ilifika, kisha kimya.

Poldi alipoinua macho kutoka kwenye piano, meza ya dirishani ilikuwa tupu.

Tarehe 17 Mei 1941 aliolewa na Ferdinand Hölzl. Ndugu walishangaa. Mathilde, dada yake Egon, aliyenusurika kwa kukimbilia Uswisi, alimuuliza baada ya vita, “Poldi, una wazimu? Yule?”

“Yule yule. Nitamtazama usoni kila asubuhi mpaka aseme nani aliituma ile bilauri.”

Waliishi pamoja miaka thelathini na mitatu, bila mtoto, na jirani hakuwahi kusikia ugomvi. Baada ya vita Poldi aliwapigia piano askari wa Kimarekani, kisha akafundisha piano nyumbani. Lakini kila aliyekula mezani kwao aliyasikia haya:

“Meza ipi, Ferdl?”

“Ya dirishani, Poldi. Kula, supu inapoa.”

Wengine, nami mtoto wa kaka yake nikiwemo, tulicheka, tukidhani ni utani wa watu waliozoeana. Poldi hakucheka. Divai aliyomiminiwa na mumewe aliinusa kwanza.

Aliugua saratani ya mapafu kuanzia majira ya kuchipua ya 1973. Ferdinand alimwosha, akamchana nywele, akamlisha kwa kijiko. Poldi alimwambia muuguzi mbele ya mumewe, “Mtu asiye na deni hahangaiki hivi.” Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 9 Novemba 1974, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Aliacha agizo kwamba habari ya bilauri isomwe kaburini kwake, nasi tumelitii.

Juzi Mjomba Ferdinand aliomba asome maandishi haya kabla hayajapelekwa kwa mchapaji. Alisoma akiwa amesimama. Kisha akasema, “Hapakuwa na mteja. Bilauri niliitoa mimi. Nilimpenda, nikakosa la kumwambia, nikasingizia meza. Kwamba walzi ilikuwa ishara, hakuna aliyenieleza.”

“Kwa nini hukumwambia yeye?” nilimuuliza.

“Angeniamini? Nawe waniamini?”

Aliomba haya nayo yachapwe. Bibi Mathilde alipopelekewa maneno hayo, alivua miwani, akauliza jambo moja tu: “Na wale wawili uani, nao walitumwa na mapenzi?” Mjomba amesema hajui. Kama aliyosema kuhusu bilauri ni kweli, alimnyima mkewe jibu maisha yote. Kama si kweli, amengoja hadi muulizaji anyamaze.

Marehemu ameacha mume, Ferdinand Hölzl, kaka, Karl Kratschmer, watoto watatu wa kaka yake, wanafunzi wengi, na Mathilde Adler, ambaye aliagiza ahesabiwe miongoni mwa ndugu. Wamesimama hapa wote, Mathilde upande huu wa kaburi, Ferdinand upande ule.

Mungu ampe Poldi pumziko la amani. Sisi bado tunamtazama Ferdinand.