Vipande Thelathini na Sita vya Muzee Sylvère

Tarehe 31 Agosti 2002, saa kumi jioni, Muzee Sylvère Ntahiraja anaacha kazi katika kituo chetu cha watoto hapa Jabe, baada ya miaka ishirini na minane na miezi minne. Aliingia Aprili 1974, kijana mwembamba mwenye suruali ya kuazima. Anatoka akiwa babu wa wajukuu saba, na tumbo ambalo mpishi wa kituo haoni haya kusema kwamba ni kazi ya mikono yake.

Kwenye karatasi za ofisi aliitwa mtunza stoo. Hilo lilikuwa jina la kupokelea mshahara tu. Huyu mtu alitengeneza viti, milango, paa la choo, bembea na hata meno ya bandia ya mlinzi wetu wa zamani. Kitu kimoja kilimshinda, nacho ni kufika kwa wakati. Nimemgombeza kwa hilo miaka ishirini na sikufanikiwa, basi naliandika hapa ili wajukuu zake wasome. Mi nimeishia darasa la nne, sikufika kule wanakofundisha kusifu mtu mpaka hajulikani.

Watoto wote wa Jabe wanaijua picha iliyo ukutani upande wa jiko. Muzee Sylvère aliianza mwaka 1983 kwa rangi iliyobaki ya madirisha. Yupo Bwana Mvubu, kiboko mkubwa mwenye kofia, amekaa mahali mto unapoingia ziwani, hapitishi mtu bila kunung'unika. Juu yake anapita Nyange, yule ndege mweupe anayefuata ng'ombe, amegeuza shingo pembeni, hamsalimii. Kila mwaka aliongeza kisa kimoja cha wazee hao wawili waliokasirikiana. Watoto walikuwa wanakicheka kinywa cha Mvubu hadi maharage yanapoa.

Kambi yetu ya likizo kubwa ilisimama miaka mitatu kwa ajili ya vita. Tulipoifungua tena Agosti 1997 tuliandika watoto thelathini na sita, kumi na wanane wa hapa Jabe, kumi na wanane wa Gasenyi, kule juu mwisho wa mji, walioletwa kila asubuhi na lori la parokia. Tangu vita vianze watoto wa pande hizo mbili walikuwa hawajacheza pamoja. Kwa nini, kila mtu wa Bujumbura anajua, na sitaichafua karatasi ya sherehe kwa kulieleza. Siku ya kwanza walikaa mafungu mawili, kila fungu limeshika sahani zake kama vile mwingine ataziiba.

Christa, msichana wa Gasenyi, miaka tisa, ndiye aliyesimama mbele ya ukuta.

"Muzee, hawa walizaliwa hivi hivi, wamenuna?"

"Apana," Sylvère akamjibu. "Zamani nao walikuwa watoto."

"Watoto wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Walikuja kambi kama wewe."

Mdomo wake huo. Watoto wote thelathini na sita wakageuka kumtazama, wanataka kujua Mvubu na Nyange walifanya nini kambini walipokuwa wadogo. Sasa alikuwa na deni la hadithi ambayo hakuwa nayo.

Ndipo alipotengeneza gurudumu. Alichomoa gurudumu la mbele la baiskeli yake mwenyewe, akalilaza juu ya kigoda, likazunguka kama sinia. Juu yake akafunga pipa la katoni lisilo na kifuniko, lenye nyufa nyembamba thelathini na sita pembeni. Ndani, chini ya nyufa, akapanga vipande thelathini na sita vya karatasi, kila kimoja upana wa vidole vitatu, kila kimoja na picha ileile iliyosogea kidogo tu. Unazungusha gurudumu, unainama, unatazama nyufa zikipita, na Mvubu mdogo anaruka kamba. Anaruka kweli, hata mashavu yanatikisika. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka na daftari lilikuwa adimu, kwa hiyo karatasi ilitoka kwenye mifuko ya simenti. Rangi nyeusi ilikuwa masizi ya sufuria zangu, nayo aliiomba kwa adabu. Gundi ilikuwa unga wangu wa muhogo, kilo mbili, nao hakuuomba.

Lakini hakuchora peke yake. Kila mtoto alipewa kipande chake. Cha kwanza mtoto wa Jabe, cha pili mtoto wa Gasenyi, cha tatu Jabe, hivyo hivyo hadi cha mwisho. Anayechora lazima atazame kazi ya jirani wa kushoto na ya jirani wa kulia, kisha aweke yake katikati. Ukikosea wewe, Mvubu anachechemea na jirani zako wanakusema. Siku ya tatu nilisikia mtoto wa Jabe akimpigia kelele wa Gasenyi: "We, mguu wa Mvubu umeupeleka Kongo, urudishe!" Nilijua hapo kwamba mambo yanakwenda vizuri. Mtoto anayekuogopa hakutukani kuhusu mguu wa kiboko.

Kila siku lilizunguka kisa kimoja. Mvubu anaruka kamba. Nyange anajifunza kuogelea, anashindwa. Mvubu anakula maharage, kijiko kinapanda kinashuka na sahani haiishi, na kisa hicho watoto walikiomba mara nyingi kuliko vyote, bila mtu kuwalazimisha. Kisa cha kumi na mbili, cha kufungia kambi siku ya Jumamosi mbele ya wageni wa msaada, kilikuwa kigumu. Kilitakiwa kuonyesha jinsi marafiki hao walivyoachana.

Jumatano ya wiki hiyo risasi zililia milimani juu ya Gasenyi. Lori halikuja. Direkta wetu wa wakati huo, Bwana Télesphore, mtu wa utaratibu, alichukua orodha ya watoto akaja nayo stoo.

"Wale hawaji tena," alisema. "Nitaandika kumi na wanane wengine wa hapa. Wamejaa barabarani. Wageni wasikute mashimo."

Orodha hiyo ndiyo ingetumika mwaka unaofuata. Jina likifutwa leo, mtoto huyo hana nafasi kesho, na kule Gasenyi hakukuwa na kambi nyingine ya kumpokea. Sylvère alilijua hilo, na direkta pia.

"Vipande vina wenyewe, Direkta."

"Basi vichore wewe. Una mikono miwili."

"Mikono ninayo. Si yao."

"Sikiliza, Muzee. Jumamosi gurudumu likiwa na kasoro, nabadilisha majina."

Watoto wa Jabe wakachora vyao kumi na vinane: Nyange anaondoka, mabawa ameyabana, na Mvubu amekaa, mikono magotini. Katikati ya kila picha na picha palibaki karatasi tupu. Tulipozungusha, Mvubu alikuwa anawaka anazimika, anawaka anazimika, mpaka mtoto mmoja akaniuliza kama anakufa. Nikamwambia asiniulize mimi, mi napika.

Alhamisi asubuhi Muzee Sylvère aliweka picha hizo ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na vipande kumi na vinane vitupu na vipande vya penseli, akaondoka kwa miguu. Baiskeli ilibaki stoo, gurudumu moja, kama punda aliyepiga magoti. Nilimwambia ni mpumbavu. Nilimfungia na viazi.

Baada ya mtaa wa Gihosha alikuta askari wamefunga njia. Mmoja alifungua kopo, akapanga picha chini, akazitazama muda mrefu. Haya nayaandika kama alivyonisimulia, na mtu huyu huchelewa lakini hadanganyi.

"Hii ni nini?"

"Kiboko, shefu."

"Minaona kiboko. Sababu gani wako kumi na wanane?"

"Ni mmoja tu. Anakaa."

"Na huyu ndege? Hapa iko chini, hapa iko juu kidogo, hapa iko juu zaidi. Muzee, hii ni ramani. Unaipeleka kwa nani?"

Mtu mwingine angeanza kulia. Sylvère aliziokota, akazipanga kwa namba, akazishika kwa ncha moja na kuziachia kwa dole gumba, moja moja, haraka. Nyange akaruka. Yule askari akarudi nyuma hatua nzima.

"Rudia."

Akarudia.

"Rudia polepole. We Rachidi, kuja uone."

Yule Rachidi alikuja, akainamia mikono ya mzee, akatazama mara tatu. Kisha akauliza ndege huyo anaenda wapi.

"Ndiyo ninapanda kuuliza," Sylvère akasema.

Wakamwacha apite, na kiazi kimoja kikabaki kwao.

Watoto aliwakuta kwenye ua wa parokia, familia zimelala hapo usiku mmoja. Kumi na sita walikuwepo. Wawili walikuwa kwa shangazi yao nyumba ya tatu, akawafuata. Alipanga picha za Jabe kwenye ngazi za kanisa, akiacha nafasi katikati, akawaambia maneno yaleyale ya kila siku, kila mtu atazame kushoto na kulia. Mmoja akauliza Mvubu na Nyange waligombana juu ya nini. Kabla mzee hajafungua mdomo, Christa alijibu.

"Nani amesema waligombana? Likizo iliisha tu."

Wakachora. Jua lilikuwa linateremka na mzee alitakiwa kuvuka kabla giza halijaingia, akavikusanya kwa namba zake kubwa bila kuitazama michoro. Hata angetaka asingeiona vizuri, miwani alikuwa ameisahau jikoni kwangu. Alipofika njia ilipofungwa, askari walikuwa wamebadilishana zamu, na hawa hawakujali makopo.

Ijumaa alivaa miwani, akavipanga vyote mezani. Kwenye picha zote za Jabe bawa la Nyange liko chini. Kwenye picha zote za Gasenyi liko juu. Mikono ya Mvubu, kwa Jabe iko magotini, kwa Gasenyi mmoja umeinuliwa. Hakuna aliyefuata kushoto wala kulia. Direkta alikuja kutazama, akatikisa kichwa, na nikiri, mimi pia nilisema wameharibu. Sylvère alisema kipande cha mtoto hakifutwi. Akavibandika vyote, kimoja cha huku, kimoja cha kule, kwa unga wangu.

Jumamosi wageni wakaketi, orodha ikiwa mezani mbele ya direkta, kalamu juu yake. Watoto wa Jabe wakalizunguka pipa. Sylvère akasukuma gurudumu.

Bawa likashuka, likapanda, likashuka, likapanda. Nyange alikuwa anakwenda zake huku anapunga. Mvubu, chini, ameketi mahali pake, mkono wake nao unapanda unashuka, anampungia. Wala hawakukasirikiana. Walikuwa wanaagana. Picha za Jabe peke yake zisingelionyesha hilo, wala za Gasenyi peke yake.

Watoto wakaanza kupunga na wao. Mama mmoja wa wageni, mwenye mkoba mzuri, alijikuta ameinua mkono analipungia pipa la katoni. Akamwuliza direkta picha hizi zimechorwa na nani. Bwana Télesphore akaichukua orodha, akamsomea majina thelathini na sita, yote, kwa sauti. Kisha kalamu akairudisha mfukoni. Nimemsema sana mtu huyo, lakini siku hiyo alinyooka.

Jumatatu njia ilifunguliwa. Jumanne lori lilikuja, na kambi iliyokuwa imefungwa ikafungwa mara ya pili, maharage yakapikwa mara ya pili, na hakuna aliyefikiria kumwuliza mpishi. Watoto wote walilizunguka pipa, wakilisukuma wenyewe. Claude wa Jabe, mbishi wa wabishi, alikuwa amesimama karibu na Christa.

"Bawa lile ni lako?"

"Langu ni kumi na nne."

"Mi kumi na tano," Claude akasema. "We umeliinua, mi nikalishusha."

Tangu mwaka ule Muzee Sylvère ameacha nyuma visa sitini na viwili vya utoto wa Mvubu na Nyange. Viko stoo, ndani ya makopo, kila kipande kina jina la mtoto nyuma yake. Amewafundisha walimu Chanelle na Maxime kutengeneza pipa, na amewafundisha vibaya jambo moja, nao sasa wanachelewa. Mwalimu wa shule moja ya mjini alikuja kumwomba awafundishe na wanafunzi wake, akaenda, akarudi na shati jipya. Na kuna miaka ambayo wazazi walitaka kuwazuia watoto nyumbani, lakini mtoto akalia kwamba ana kipande chake, asipokichora Mvubu atachechemea. Mzazi afanye nini hapo.

Kamati, walimu, walinzi na jiko tunamshukuru Muzee Sylvère, na tunamshukuru Mama Consolée, mke wake, aliyevumilia mume anayerudi na masizi masikioni. Anakwenda kukaa kwake Gihosha. Mungu ampe miguu isiyouma, usingizi wa mchana usio na lawama, na wajukuu wenye maswali mengi. Miwani aifunge kamba shingoni, nimeshamwambia.

Mwaka huu Gasenyi kulikuwa na wasiwasi tena, na orodha ilikuwa na watoto sabini na wawili, magurudumu mawili. Ijumaa iliyopita nilipakua sahani sabini na mbili. Hakuna iliyobaki. Nenda ukapumzike, Muzee.

Scholastique, jikoni