Mtunza Maabara na Kisanduku cha Themanini na Tano

Ndugu wafiwa, majirani, walimu wa zamani na wa sasa, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza, historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na mdogo wa marehemu, fundi cherehani, ambaye ndiye aliyeiandika, na ambaye anaomba radhi mapema kwamba jana mchana kikao cha familia kilivunjika kwa sababu ya namba moja tu, yaani idadi ya watoto aliowaacha marehemu, wengine wakisema wanne, wengine watano, hata shangazi akamfungia msomaji mjadala kwa kusema, "Wewe ndiye utakayesimama, utajua mwenyewe."

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyotazamana na kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa mpiga chapa na mkewe, na marehemu mama yetu alipenda kusimulia kwamba alipofumbua macho alitazama taa, kisha mkunga, kisha taa tena, kama mtu anayelinganisha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha sekondari kuanzia 1966 hadi 1969, ambako alifukuzwa maabara mara mbili kwa kunusa visivyonuswa, na mara ya tatu akakabidhiwa funguo, mwalimu wake akisema afadhali mdokozi awe mlinzi, na mwaka 1972 akapata cheti cha ufundi wa maabara, ambacho alikitundika ukutani juu ya kitanda tulicholalia wawili, kikatuangukia mara tatu.

Tarehe 8 Januari 1973 aliajiriwa kuwa mtunza maabara katika shule ya sekondari ya wasichana, akafanya kazi hapo miaka thelathini na minane, akiosha mirija ya kioo, akihesabu chupa, akizima moto uliowashwa na watu wenye shahada, na mwaka 1976, kwa rangi iliyobaki baada ya kupakwa lango, alichora jedwali la elementi likaenea ukuta mzima, metali kwa bluu, zisizo metali kwa njano, kila elementi na kisanduku chake, na hapo ndipo alipopatwa na mapenzi yake makubwa ya kwanza, yaani kisanduku cha themanini na tano, astatini.

Kwa wale ambao hawakuwahi kukaa naye kituo cha basi, na kwa hiyo hawakuelezwa, astatini ni elementi nururifu, yaani yenye kutoa mionzi, adimu mno, kiasi kwamba ukikusanya yote iliyomo katika gamba la dunia kwa wakati mmoja huenda isijaze kijiko cha chai, jina lake kwa Kigiriki ni isiyotulia, na hakuna aliyewahi kuiona kwa macho, maana kipande cha kutosha kuonekana kingejichoma kwa joto lake chenyewe, tena hata aina yake inayodumu kuliko zote hupoteza nusu kila baada ya saa nane na dakika chache, ikageuka kuwa kitu kingine, muda ambao kwa lugha ya kitaalamu huitwa nusu-maisha, na wanafunzi, walioona kwamba na yeye hakai kitini zaidi ya dakika tano, wakambandika jina la Mzee Astatini, aliloliitikia kwa fahari kuliko la kwake.

Mwaka 1984 mkaguzi wa shule alisimama mbele ya ukuta ule akasema, "Bwana, hii ya themanini na tano ina tabia nyingi za metali, mbona umeiweka kwa hawa wa njano? Ihamishe," naye marehemu, akiwa na ndoo mkononi, akajibu, "Mheshimiwa, tabia anazo, sikatai, lakini protoni zake ni themanini na tano, na elektroni za nje ni saba kama za iodini, bromini, klorini na florini, sasa nimhamishie kwa nani?" jibu lililomletea barua ya onyo ya nusu ukurasa, ambayo aliijibu kwa kurasa kumi na moja, na mkaguzi akaomba uhamisho.

Kuhusu ndoa, marehemu alikuwa akinunua stempu moja kila siku kwa miezi saba kutoka kwa karani wa posta, ingawa hakuwa na mtu wa kumwandikia, na siku alipopata ujasiri wa kujieleza, maneno yakamkimbia yote isipokuwa ya kazini, akasema, "Dada, mimi ni kama astatini, nusu-maisha yangu ni saa nane," na karani, aliyeelewa kwamba mteja wake atakufa kabla ya magharibi, alifunga dirisha huku foleni ikipiga kelele, akamshika mkono akamkimbiza hospitali, ambako daktari alimpima kwa uangalifu akasema, "Huyu haumwi, huyu anaogopa," lakini tayari mji mzima ulikuwa umewaona wameshikana mikono, kwa hiyo wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 15 Desemba 1979, na mjane anasema mpaka leo kwamba alidanganywa na sayansi, na kwamba hajutii.

Karani huyo alikuja na binti wa miaka mitano, ambaye baba yake mzazi aliondoka bila kuaga, na siku ya harusi mtoto alimtazama bwana harusi akauliza, "Mama, ndiye huyu anayekufa?" naye marehemu akamjibu, "Si leo, mwanangu, leo nina kazi," kisha wakajaliwa watoto wengine mwaka 1981, 1983, 1986 na 1990, na kuhusu hesabu yao msomaji anaomba kupita kwanza, atarudi.

Marehemu alianza kuugua figo Agosti 2022, akawa akisafishwa damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na aliyempeleka na kumrudisha, kwa gari lake la kazi lenye mitungi ya gesi nyuma, alikuwa binti huyo huyo aliyekuja na mama yake, sasa fundi wa majokofu, ambaye kwa miaka arobaini na mitatu amemwita msomaji "Baba mdogo," wakati msomaji, kila alipoulizwa, alijibu kwamba kaka ana watoto wanne, na yule wa mkewe.

Tarehe 19 Mei 2023 marehemu, ambaye hakuwahi kuona karatasi bila kutaka kuisahihisha, alimwomba mdogo wake amletee rasimu ya historia hii, akaisoma yote akiwa amefungwa kwenye mashine, akaweka alama nyekundu za vema kwenye tarehe, akaandika pembeni "mwandiko mbaya," na penye watoto wanne akachora mkasi wa kosa na kutoa alama sita kwa kumi, ndipo msomaji akasema, "Kaka, usinionee, mimi nimeandika damu," naye akainua mkono wenye mpira wa mashine, akasema, "Damu? Yangu inaoshwa mara tatu kwa wiki, fundi, hata mimi sijui imebaki ya nani. Hesabu upya."

Msomaji alikunja karatasi akaondoka, akijiambia kwamba atajibu wiki inayofuata, kisha wiki nyingine, na Ijumaa tarehe 2 Juni 2023, saa nne na robo asubuhi, kaka yake alifariki dunia, binti huyo akiwa amemshika miguu kwa sababu alilalamika inapata baridi.

Basi msomaji, ambaye kazi yake ni kupima watu na hajawahi kurudia nguo mara nyingi kama alivyorudia sentensi hii, anatangaza kwamba marehemu ameacha mjane, watoto watano, wa kwanza akiwa fundi majokofu aliyeketi safu ya tatu kwa sababu jana hakuonyeshwa kiti cha familia, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja, na kwa kuwa vijitabu vilishachapwa, wenye kalamu mnaombwa mfungue ukurasa wa pili, mkate neno "wanne," na wewe binti, inuka huko, njoo mbele ukae na wadogo zako, shangazi atasogea, shangazi sogea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia kuelezwa mashine zao zinavyofanya kazi, majirani waliopika na kubeba viti, na walimu wa shule aliyoitumikia, ambao wametuahidi kwamba ukuta hautapakwa chokaa.

Kaka, nimehesabu. Kama bado kuna kosa katika haya niliyosoma, safari hii liache, upumzike kwa amani.