Alen Shemhilu na Shimo Lililosubiri Ukungu

Ndugu waombolezaji, Alen Sefania Shemhilu alizaliwa Vuga tarehe 14 Machi 1986, akiwa mtoto wa pili wa mzee Sefania na mama Beatha, akasoma shule ya msingi hapa hapa Vuga hadi mwaka 2000, na sekondari Lushoto hadi 2004.

Mwaka 2006 aliajiriwa kuwa dereva wa padre mmoja kutoka Paraguay, ambaye alimfundisha Kihispania na kumwonyesha filamu za kwao, na tangu hapo nyumba nzima haikupumzika, kwani kila aliyekaa naye mezani alielezwa jinsi Paraguay ilivyokaa miaka mingi karibu bila filamu, kisha kamera za bei nafuu zilipofika watu wakaanza kuigiza kwa Kiguarani, lugha ya wenyeji wa kule, jinsi Guatemala nao walivyotumia lugha za Wamaya, na jinsi sheria ya mwaka 2010 ilivyoinua filamu za Jamhuri ya Dominika, naye akauliza Kishambaa kimekosa nini.

Alifunga ndoa na Jackline tarehe 6 Septemba 2014, wakajaliwa Glory na Kristian, akawalea kwa kazi ya kupiga video za harusi na misiba.

Februari mwaka huu, 2025, madaktari waligundua figo zake zimeharibika, na Juni, huku akitibiwa, alichimba kaburi shambani kwa mzee Justin kwa ajili ya picha ya mwisho ya filamu yake ya Kishambaa. Wote tunajua kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, likikosa mtu huzikwa mgomba, na mama yake alimwambia hivyo kila asubuhi, lakini yeye alicheka, akasema mgomba haujui kuigiza, na kwamba anasubiri ukungu ushuke ndipo apige picha hiyo. Alifariki Tanga tarehe 9 Agosto, shimo likiwa wazi.

Tangu hapo inanong'onwa kwamba shimo lile limemwita, na kwamba Dorothea, aliyeigiza mjane, ana mkosi, hata wapo wanaokataa chai ya mkono wake hapa msibani. Mama Beatha, ambaye usingizi umempotea, anaomba mzisikie tarehe vizuri: ugonjwa ulianza, shimo likafuata.

Familia inawashukuru madaktari, majirani waliopika, na Stephano, mpiga picha mwenzake, ambaye baada ya maziko haya atawasha kamera kule shambani, tukazike mgomba, na leo ukungu upo. Asiyetaka hatalazimishwa, ila mama atatangulia, amemshika Dorothea mkono.

Pumzika kwa amani, Alen, shimo lako tunakwenda kulifukia.