Mchicha wa Chini ya Mikorosho

Bismillahi. Mwalimu Jafar, kalamu iweke chini kwanza, la kuandika nitakwambia. Na wewe Abdurrazaque, toka hapo mlangoni ukae kitako mbele yangu nikuone, maana tangu asubuhi unachungulia kama mtu anayengoja nguo zikauke. Nakufa, ndiyo, lakini sina haraka. Zuleica, acha kulia, machozi yako mwanangu nayajua, ulilia hivyo hivyo siku niliyokunyima pete za bibi yako. Wahida, mke wa mwanangu, sogeza tundu karibu na kitanda, waache ndege wapige kelele zao, wao ndio wenye shughuli leo.

Sikilizeni wanangu. Mimi Awa binti Hassane mali yangu mnaijua: nyumba hii, mikorosho ya njia ya Nhica, na kile kibustani cha kisimani. Nyumba na mikorosho wewe Abdurrazaque na dada yako mtagawana kama dini ilivyogawa, mimi simo, na atakayemdhulumu mwenzake Mwalimu ameshuhudia. Hilo limekwisha, msinikodolee macho. Kilichonizuia nisife wiki hii si nyumba. Ni hawa maperikito wawili, kasuku wadogo wa dona Virgínia, ambao walikuwa sita.

Mwalimu, wewe ulikuwa hujahamia huku. Dona Virgínia alikuwa profesora, mwalimu wa shule, serikali ilimleta kutoka Inhambane, akapanga chumba changu cha uani miaka minne, akaniita mama kwa Kiswahili cha kuokoteza ambacho mimi ndiye niliyemfundisha. Vita ilipotukuta na yeye akapata nafasi kwenye boti, wenye boti walimwambia mtu ndiyo, tundu hapana. Akaniwekea tundu mkononi, akasema, "Mama, amana." Neno hilo pia nilimfundisha mimi. Tukaenda Namoto mpakani kwa miguu, tundu kichwani kwangu, na wewe Abdurrazaque njia nzima, "Mama, tupa hao ndege, Mama, tupa hao ndege," utadhani nimewabeba kichwani kwako. Tuliporudi nyumba haina mlango wala sufuria, lakini ndege sita wazima.

Nilikuwa nimemcheka yule dona, ndege wa kulishwa mboga wakati watu wanazikosa! Lakini nilijifunza, na nikawaimbia nyote humu ndani mpaka mkachoka kunisikia: uwele peke yake hautoshi, wape na majani, na majani yaoshwe, na abakate, parachichi hilo, isiwaguse hata ganda lake, ni sumu kwao. Mlisikia wote. Wewe ulisikia vizuri kuliko wote, Abdurrazaque, ndiyo maana ulijua pa kutupia uongo wako.

Usiinamishe kichwa. Mwaka juzi, wakati wa kupuliza mikorosho, homa imenilaza hapa hapa, nikakutuma kisimani ukachume mchicha wa ndege. Kisimani hukufika. Ulikuwa umetoka shambani kupuliza dawa, ukaona uvivu kuzunguka, ukachuma ule unaojiotea wenyewe bondeni chini ya mikorosho, mnene, majani kama kiganja. Nani hapa mwenye mkorosho asiyejua kwamba mchicha ule dawa ikishapulizwa hauliwi mpaka mvua zinyeshe na majani mapya yatoke? Mtoto wa mtu usingempa. Mwenyewe usingeutia mdomoni. Ukasema moyoni, ah, ndege tu. Ilipofika alasiri wanne wamelala chali miguu juu, na wewe ukaniletea ganda la abakate, macho makavu, ukasema, "Mama, ni Wahida huyu."

Ukamtoa kafara mkeo kwa uvivu wa hatua mia mbili.

Nami nikaamini. Niseme ukweli mbele ya Mwalimu, niliamini kwa sababu nilitaka kuamini, maana huyu mwanamke ulimwoa bila kuniuliza na sikumpenda tangu siku ile. Mwaka mzima chakula chake sikukila. Nilimwita muuaji kisimani, wanawake wamejaa na ndoo zao, naye akateka maji yake akaondoka. Na majani yale niliyatoa tunduni kwa mkono wangu huu, nikayanusa, pua ikaniambia ni dawa, nikaikatalia, kwa sababu nani anapenda kumtafuta mwenye kosa tumboni mwake?

Mwaka jana mnapuliza tena nilikuwepo shambani. Nikachuma jani moja la pale bondeni. Harufu ile ile. Nikarudi nikamwuliza Wahida, akaniambia, "Mama, mwanao alisema nikikwambia utakufa kwa uchungu." Mbona sikufa! Na tangu miguu yangu iishe ni yeye anayeosha majani alfajiri na kuwalisha hawa wawili, huku mimi namnunia. Wewe ulikuwa unatazama yote hayo, unakula ugali wako.

Maji, Zuleica. Basi, yatosha.

Mwalimu, sasa andika. Kibustani cha kisimani nampa Wahida, si mrithi wangu kwa hiyo sheria inaniruhusu, na theluthi ya mali hakifiki. Hapana, Zuleica, usinung'unike, hujawahi kushika jembe pale. Ndege si urithi, si wangu, ni amana, watakaa na Wahida mpaka mwenyewe awatake. Mboga zitoke kisimani tu, za sokoni hatujui zimepulizwa nini. Zioshwe kwa maji mapya mara mbili, zikung'utwe, zikatwe ndogo kama kucha. Karoti ikwanguliwe. Mboga ngeni wape kidogo kwanza muwatazame. Abakate hapana, kitunguu hapana, kisamvu kibichi hapana, na mboga yenu ya nazi na chumvi msiwape mkajiona wakarimu. Kikibaki chochote kitolewe kabla ya adhuhuri, joto la hapa linaozesha upesi. Na maji ya kuoshea atateka Abdurrazaque, kila asubuhi, kwa ndoo, na jani la kwanza atalitafuna yeye mbele ya mkewe, ndipo ndege wale. Usicheke, Zuleica. Andika, Mwalimu, alitafune.

Wahida. Njoo huku. Mkono wako uko wapi... Nilikudhulumu. Nilijua mwaka mzima huu kwamba nimekudhulumu na nikaona haya kukwambia, haya ya mtu mzima, mbaya kuliko hasira. Sikuombi unipende. Nisamehe tu, kisimani nimekutukana mbele za watu, na wewe Mwalimu ukasome huko huko kisimani hayo uliyoandika, ndoo zikiwa zimejaa.

Limebaki langu moja. Kila Idi ya Ramadhani dona Virgínia hupiga simu, Mkristo yule, hakosi, huuliza, "Mama, wote sita wazima?" Na mimi, mswala bado sijaukunja, namjibu, wote sita. Mara mbili nimesema hivyo. Siwezi kwenda nalo. Abdurrazaque, chukua telefoni yangu hapo chini ya mto. Jina lake liko juu kabisa. Usinitazame, mimi mtu wa kufa, utanitazama sana kesho. Bonyeza. Weka sauti nje tusikie wote.

Mungu awape... ngojeni nivute pumzi. Mungu awape riziki ya halali, Zuleica, na moyo mpana. Wahida, Mungu akupe watoto wasiokuficha kitu. Na wewe pia, Abdurrazaque. Wewe pia, nimekuzaa mimi. Akusamehe kabla yangu, maana mimi bado... bado kidogo.

Inaita.

Nyamazeni. Ameshika, ndiyo sauti yake hiyo. Msalimie vizuri... Umesikia? Anauliza wale sita. Mjibu, mwanangu. Upesi, na mimi nisikie.