Dirisha la Efrazia
Wasifu wa marehemu Efrazia Fanueli Shemhilu (1998–2025)

Marehemu aliagiza wasifu wake uandikwe na mtani, mtoto wa mjomba, kwa sababu wengine wangemsifu mpaka watu wasahau wanamzika nani. Agizo la marehemu halivunjwi.

Efrazia Fanueli Shemhilu alizaliwa hapa Malindi, Wilaya ya Lushoto, tarehe 14 Julai 1998, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Fanueli na Mama Marta. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba baba yake, aliyetumwa kumwita mkunga, wakati wa kurudi aliipita nyumba yake mwenyewe na kwenda kubisha hodi kwa jirani. Walipofika, mtoto alikuwa amekwisha kuja bila kuwasubiri. Hadi ukubwani Efrazia alimsalimu baba yake hivi: "Shikamoo baba. Leo nyumba umeiona?"

Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini, 2006 hadi 2012, kisha sekondari mjini Lushoto, 2013 hadi 2016. Alipata daraja la tatu, ambalo yeye alilieleza kuwa ni la pili lililochoka njiani.

Mwaka 2017 alianza kuuza masweta ya mitumba sokoni Lushoto, na hapo ndipo alipofaulu. Wageni waliopanda kutoka Mombo na vishati vyepesi aliwajua kwa namna walivyojikumbatia. "Kaka, meno yako yananiita," aliwaambia. "Njoo uyanyamazishe."

Mmoja wa walionyamazishwa mwaka 2021 ni Paskali, fundi pikipiki wa Mombo. Alinunua sweta la bluu. Wiki iliyofuata akarudi kununua jingine, kisha jingine. Mombo, kama tujuavyo, ni mahali ambapo hata mbuzi hugombea kivuli.

"Huko kwenu masweta unamvisha nani?" Efrazia alimuuliza.

"Nayatundika ukutani, nayatazama."

Posa ililetwa Desemba 2023, harusi ikapangwa Oktoba 2024. Iwapo wangefungia ndoa kwa Walutheri au kwa Wakatoliki, wazee walikuwa bado wanajadili, na huenda wangali wanajadili. Marehemu hakujaliwa kufunga ndoa. Lakini Paskali leo ameketi mkeka mmoja na familia, na asiulizwe na mtu amekaa pale kama nani.

Februari 2024 Efrazia alipata uvimbe shingoni, homa na jasho la usiku lililolowesha shuka. Vipimo vilionyesha saratani ya tezi za limfu, akapelekwa Dar es Salaam kwa matibabu. Alikaa Mbagala kwa Shangazi Sesilia. Maisha yake yakawa kuamka alfajiri, foleni, sindano ya kutafuta mshipa, dripu, halafu siku za kutapika na kuona kila chakula kina ladha ya msumari. Nywele zilipoanguka alivaa kofia ya sufu, katika joto lile. Waliopanga naye foleni wakadhani dawa zimepanda kichwani. "Mimi natangaza biashara," aliwaambia.

Lakini kilichomtesa kuliko sindano ni kukosa baridi. Siku moja Shangazi alimkuta jikoni ameingiza kichwa ndani ya friji, macho ameyafumba.

"We mtoto! Mboga zangu zitaharibika!"

"Niache kidogo, shangazi. Nipo Malindi."

Kila asubuhi alimpigia Paskali, aliyekuwa amefunga gereji ili amtunzie biashara sokoni. Hakuuliza kwanza masweta yameuzwa mangapi. Aliuliza, "Ukungu umefika wapi?" Naye Paskali, mtu wa joto asiyejua ukungu unavyosomwa, alijifunza kumjibu: umefunika mlima, umeshuka bondeni, sasa umeingia sokoni na mama wa karoti simwoni. Efrazia alisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya kwao.

Mwezi Mei 2025 madaktari walieleza kuwa dawa hazimsaidii tena, wakamruhusu arudi nyumbani na dawa za maumivu. Alifurahi kupita kiasi cha mgonjwa. Kumbe Mama Marta, aliyeambiwa mgonjwa alindwe na kikohozi, alikuwa amekwisha kujiandaa: dirisha la chumba amelikomea, nyufa ameziziba kwa vitambaa, mablanketi yamefika darini. Efrazia aliingia, akasimama.

"Mama, Mbagala mmeihamishia huku?"

"Baridi itakuingia kifuani, mwanangu."

"Fungua kidogo tu. Nimeifuata kutoka mbali."

Mama hakufungua. Kila aliyekuja kumjulia hali alileta blanketi lake. Mwinjilisti alipomaliza kuomba alilisukuma dirisha kuhakikisha limefunga. Paskali alijaribu kumtetea, akaambiwa, "Wewe baba wa Mombo, baridi unaijulia wapi?" Efrazia alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi hicho kikamwongezea blanketi jingine. Lakini wageni walipoondoka aligeukia ukutani, akaweka kiganja kwenye ubao wa dirisha. Ubao ulikuwa umeshika baridi ya nje. Alilala hivyo.

Asubuhi ya tarehe 14 Julai, siku aliyotimiza miaka ishirini na saba, Mama Marta alimkuta mkono wake ungali pale. Alivuta vitambaa kimoja kimoja, akaondoa komeo, akasukuma. Ukungu uliingia ndani bila hodi, ukakaa juu ya mablanketi yote ya kijiji. Efrazia alivuta pumzi.

"Ndiyo huu," alisema.

Kisha Mama akapanda kitandani, akamkumbatia, wakatetemeka wote wawili. Dirisha halikufungwa tena. Efrazia alifariki Alhamisi tarehe 17 Julai 2025, alfajiri, kichwa chake kikiwa begani kwa mama yake.

Sasa, mtakaokwenda kumpa pole Mama Marta, msiishie kwenye pole. Tangu juzi anauliza kama ni lile dirisha. Daktari amesema ni saratani. Mwambieni tena, na kesho mrudi mumwambie: si dirisha.

Marehemu aliagiza pia kwamba watu wa Dar na wa Mombo waje kumzika na masweta, na asiye nalo akanunue kwa Paskali. Tunaowaona mnajikumbatia, mmejulikana.

Ameacha baba, mama, kaka wawili, dada mmoja, Shangazi Sesilia na friji lake, na Paskali. Leo asubuhi, kabla jeneza halijatoka, Mama Marta alikwenda chumbani kufunga dirisha, kama afanyavyo mtu anayetoka nyumbani. Alishika komeo, halafu akaliacha dirisha wazi.

Efrazia, ukungu umefika hapa tulipo, kaburini. Pumzika kwa amani, katika baridi ya kwenu.