Edina Ndahani na Ufukwe wa Mtera

Ndugu waombolezaji, wengi mmeuliza tangu msiba utangazwe kwa nini Edina hazikwi Bukoba kwenye kibanja cha mumewe, wala Nzuguni, Dodoma, alikojenga. Haya ndiyo maisha yake, na jibu limo humo.

Edina alizaliwa tarehe 12 Mei 1968 katika kijiji cha Chinyambwa, mtoto wa kwanza wa Mzee Yohana Ndahani na Mama Tabitha. Kijiji hicho msikitafute. Kipo chini ya maji haya mnayoyatazama. Mwaka 1979, bwawa hili la Mtera lilipokaribia kujaa, watu walihamishwa. Kabla ya kuondoka, kila ukoo ulipita makaburini kuwaaga wafu wake kwa majina na kuwaambia wanakohamia. Daudi, mdogo wake Edina aliyefariki kwa surua akiwa na miaka sita, alikuwa amezikwa peke yake karibu na zizi. Baba alidhani mama amekwenda kumuaga, mama naye alidhani baba amekwenda. Wakiwa juu ya lori, Edina akauliza, “Daudi ameambiwa?” Wazazi walitazamana, na lori likaendelea na safari.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1983, na kidato cha nne mwaka 1987 mjini Dodoma. Kisha akaenda Tabora kusomea uhazili. Alikuwa na vidole vyepesi, na wenzake walimtania kwamba anaitesa taipureta ya serikali.

Aliajiriwa mwaka 1991. Miaka michache baadaye alihamia kwenye kazi iliyokuwa yake hadi mwisho, ya kuandika mijadala ya Bunge neno kwa neno, vipokea sauti masikioni kutwa nzima. Waheshimiwa wakishagombana, wao walikwenda kula pamoja, naye Edina akarudi nyumbani na kichwa kinachomgonga. Mikutano ya bajeti ilimmaliza kabisa. Ikiisha, alipanda basi la Iringa asubuhi, akashuka Mtera, akakaa hapa juu ya miamba hii mpaka jua lipoe. Akirudi uso umekunjuka, anakula vizuri, analala.

Tarehe 24 Septemba 1994 alifunga ndoa na Fabian Respicius, mwalimu wa hesabu, mtu asiyeamini kitu kisichojumlishika. Wakajaliwa watoto wawili, Henry na Elieth. Fabian alimuuliza siku moja, “Mama Henry, huko Mtera unakwenda kumwona nani?”

Edina akamjibu, “Mdogo wangu. Bado anatusubiri. Nikikaa naye nikampa habari za nyumbani, moyo wangu unatulia.”

Fabian alicheka, kisha akaacha kucheka. Mwaka 2016 wavuvi walimwambia kuwa mkewe huongea na maji, hunyamaza kama anayesikiliza, halafu hujibu. Aliogopa, akampiga marufuku kuja. Mwaka huo ulikuwa mgumu. Usingizi ulimpaa Edina, akawa anakosea maneno kazini, presha ikapanda. Nyumbani alikuwa akisimama mlangoni ghafla na kusema kuna mtoto analia. Mwishowe Fabian mwenyewe aliazima gari, akamleta hapa, akamsubiri barabarani kwa kuwa hakuthubutu kusogea majini. Usiku ule Edina alilala mpaka kukakucha.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Alitibiwa Dodoma kwa upendo mkubwa wa familia. Wiki chache kabla ya mwisho aliomba kuletwa Mtera. Wakiwa garini wakirudi, Fabian alimuuliza, “Umemuaga?”

“Sikumuaga. Nimemwambia nakuja.”

Alifariki dunia alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025. Baba mkubwa wa Fabian alipiga simu kutoka Bukoba, akasema, “Mwanangu, mke wetu unamwacha kwenye maji ya watu?” Fabian, ambaye hajawahi kumbishia mzee yule, alimjibu, “Shikamoo, baba mkubwa. Hapa si kwa watu. Ana ndugu yake hapa.” Wazee walikasirika, wakalala nalo, asubuhi wakakubali. Tunawashukuru sana.

Jana jioni, wachimba kaburi walipomaliza na kuondoka, Fabian alibaki. Uchovu wa siku hizi ulikuwa umemlemea, na kwa mara ya kwanza alishuka hadi kwenye miamba, akakaa pale alipokuwa akikaa mkewe. Anasema pumzi ilimrudi. Kisha akasikia sauti ndogo nyuma yake ikimwita, “Shemeji.” Aligeuka, hakuona mtu. Ametuomba tuliandike hili kama alivyolisema, na kwamba aliitika.

Edina ameacha mume, Fabian. Watoto, Henry na Elieth. Mdogo wake, Evarista. Na mama yake mzazi, Tabitha, ambaye tangu tufike amekaa kule kando ya maji na hataki kuitwa. Tumwache kwanza.

Edina apumzike kwa amani, na Daudi naye apumzike.