Mgombea Aliyeinuka Tena

Landrova ilikwishaondoka Matrah kuelekea Maskati kijana mmoja alipoirukia kwa nyuma, akaketi juu ya gunia la mchele akihema. "Mmesikia redio? Huko kwa Wafaransa, Mitterrand wa mrengo wa kushoto kamsukuma Jenerali, rais wao, hadi duru ya pili ya uchaguzi!"

Mzee Amur akaguna. "Huyo? Kawa waziri mara kumi na moja, kisha hata ubunge ukampotea. Mtu wa jana."

Nasriya, bintiye, akaibana ndani ya buibui barua aliyomwandikia. Babake alikuwa mwalimu mkuu Unguja. Tangu mapinduzi hana kazi. Barua ilimwombea mzee ukarani kwa Harub, aliyekuwa tarishi wake shuleni na sasa ni mkubwa wa ofisi Maskati, na tangu asubuhi mzee alisema ataichana.

"Ami, wa jana kaamka! Jenerali hakufika hata nusu ya kura!"

"Muongo we! Ikiwa kweli, wallahi barua ya mwanangu nnaipeleka kwa mkono wangu."

Dereva, ambaye hakuulizwa, akageuka. "Kweli, mzee. Redio ya London imetangaza jana."

"Basi duru ya pili atashindwa!"

"Na akishinda je?" kijana akauliza.

Wakabishana mlima mzima wa Riyam, kana kwamba Wafaransa wanawangoja wao.

Gari likasimama kwenye lango la Maskati. "Atashindwa tu," Mzee Amur alisema akishuka, kisha akamnyooshea Nasriya mkono. "Lete."

Akarekebisha kilemba, akamwendea askari wa lango.

"Samahani, mwanangu. Ofisi ya Bwana Harub iko wapi?"